Ving'amuzi Bubu vya Kitangari

Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa shambani unapulizia mikorosho, maana siku ile Kitangari nzima ilihamia uwanjani. Yassini alipokabwa kola mbele ya lile shuka jeupe la kuonyeshea picha, akaburutwa mpaka kwenye pikipiki ya mgambo, wewe uliinamia simu yako kana kwamba kuna ujumbe wa maana umeingia. Hakuna ujumbe ulioingia. Ulikuwa unakwepa macho ya mama yake.

Na hukuanza jana kukwepa. Ile kampuni iliyotuuzia ving'amuzi ilipozima mitambo yake ikaondoka bila hata kuaga, ulifanya nini? Chako ulikifunika kitambaa ukakigeuza pambo. Wazee wetu waliletewa reli huku Kusini, wakakaa wakaiangalia inang'olewa chuma kwa chuma, wakasema hayo ni ya wakubwa. Yote hayo yanakumbukwa. Safari hii walitokea vijana wawili waliokataa kuangalia pembeni, na mmoja wao aliamka mahabusu Newala na jicho limevimba kama andazi. Soma basi, uone ulichokuwa unakikwepa.

*

Sajini Agatha Nampoto, mpelelezi wa kituo, alimtoa Yassini asubuhi akamkalisha kwenye benchi nyuma ya kaunta. Mlalamikaji alikuwa Mzee Bwanali wa Kitangari, mwenyekiti wa kikundi kilichoandaa onyesho la uwanjani. Kosa: kuharibu mali kwa makusudi. Ving'amuzi vyote vilivyoandaliwa kwa onyesho vilikuwa vimetoa picha safi kabisa, na sauti havikutoa hata chembe. Jalada lilikuwa linakwenda mahakamani kesho yake.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Jicho linaona?"

"Linaona nusu."

"Inatosha. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Mlikuwa mnatengeneza nini?"

Yassini alinyanyua kichwa. "Afande, king'amuzi chako cha nyumbani kiko wapi?"

"Hapa nauliza mimi."

"Kiko juu ya kabati. Kina kitambaa cha kufuma."

Agatha aliinamia jalada. Kilikuwa juu ya kabati, na kitambaa alikifuma mwenyewe.

"Basi mle ndani kuna kompyuta nzima, afande! Ndogo, lakini kompyuta. Kampuni ilizima matangazo, haikuizima kompyuta. Sasa kuna programu huria, wenye kuiandika wameiacha wazi, mtu yeyote aichukue, aisome, aigeuze atakavyo. Ukiiweka kwenye TV inakupangia sinema zako, nyimbo, picha za harusi, masomo ya watoto, yote sehemu moja, bila kulipia mwezi, bila intaneti. Tatizo ilikuwa haijawahi kuhamishiwa kwenye chipu ya aina ile. Tuliwauliza wenzetu wa mtandaoni, wakatuambia wote waliojaribu waliacha."

"Ninyi hamkuacha."

"Tuache, tukafanye nini?" Sasa alikuwa anaongea kwa mikono miwili, jicho bovu amelisahau. "Mwanzo kioo cheusi. Siku nenda rudi, cheusi tu. Asubuhi moja zikatokea herufi nyeupe pembeni, mwenzangu Erasto akapiga kelele mpaka jirani akaja na panga akidhani nyoka. Halafu tukapata menyu, kwa Kiswahili, tukaipa jina Sebule. Picha ikaja inakwamakwama. Tukaisukuma, tukaisukuma, ikalainika kama mafuta. Sauti ndiyo iliyotutesa. Siku ilipotoka, Erasto alinibeba mgongoni akanizungusha nyumba."

"Sehemu ya sauti aliandika nani?"

"Mimi."

"Ukaigusa lini mara ya mwisho?"

Mikono ilitulia. "Siku moja kabla ya onyesho. Midomo ilikuwa inatangulia maneno. Nikairekebisha, nikaijaza kwenye memori kadi zote, nikampa Erasto."

"Na siku hiyohiyo umeonekana Masasi, dukani kwa Ladislaus. Ulifuata nini?"

Yassini alianza kung'oa uzi wa suruali yake.

"Yassini. Mchana unarekebisha sauti, jioni uko kwa mfanyabiashara anayeuza ving'amuzi vipya, kesho yake sauti hakuna. Mimi nikiyapanga hayo mbele ya hakimu, wewe ungekuwa hakimu ungesemaje?"

"Ningejifunga."

"Kwa hiyo sema."

"Erasto akijua nilikwenda kule hatanisemesha tena maisha."

"Erasto ndiye aliyekukaba kola."

Yassini alitazama sakafu. "Najua. Nilimwona."

*

Agatha alichukua king'amuzi kimoja bubu kutoka chumba cha vielelezo, akakifunga nyuma ya pikipiki ya kituo na kuelekea Mkunya. Msimu wa kupulizia ulikuwa umepamba moto. Pande zote mbili za njia mashine zilikuwa zinanguruma, na unga wa salfa ulining'inia juu ya mikorosho kama ukungu wa njano. Alifika karakana ya Erasto nyusi zimebadilika rangi.

Erasto alikuwa ameshika laptopu magotini, uso umekaza.

"Umekuja wakati mzuri, afande. Naifuta sehemu yake yote. Kila mstari wa yule msaliti. Bora turudi kwenye picha bubu kuliko kukaa na sumu ndani."

"Ukifuta, umeharibu ushahidi, na mimi nakupeleka kulala kitanda kimoja na yeye. Weka chini."

Aliiweka.

"Hicho kilichopo kwenye TV ni nini?"

"Cha majaribio. Hakijatoka humu ndani tangu tuanze. Kinaongea vizuri kwa sababu sijakiwekea kadi ya mwisho ya huyo Yassini."

"Kadi yake ya mwisho si hii?" Agatha aliichomoa kutoka kwenye kile king'amuzi bubu. "Iweke."

"Wee! Kitakufa na hiki!"

"Kikifa nitaandika kimekufa. Weka."

Erasto alichomeka kadi. Kioo kikawa cheusi. Ikaja nembo ya Sebule, kigoda kidogo kilichochorwa kwa rangi ya udongo. Ikaja menyu. Erasto alichagua video ya fainali, Kitangari na Mkunya, akajikunyata kama mtu anayesubiri kofi.

"...anamchambua mmoja! Anamchambua wa pili! Beki wa Mkunya anatafuta miguu yake, nani kaiona miguu ya beki jamani..."

Sauti ya Nasibu, mtangazaji wao wa kujitolea, ilijaa karakana. Midomo yake na maneno vilikwenda pamoja, sawasawa, kama Nasibu mwenyewe amesimama mlangoni. Erasto alisogea karibu na TV.

"Kadi ileile?" aliuliza.

"Umeichomeka mwenyewe."

"Basi... basi programu ni nzima."

"Ni nzima kuliko wewe. Sasa fikiri. Kadi inaongea hapa, Kitangari ilikuwa bubu. Kilichobadilika ni nini?"

"Vyenyewe. Ving'amuzi." Kisha hasira ikamrudia kwa mlango mwingine. "Kumbe aliviharibu kwa mkono! Afande, vyote vilipita hapa, kimoja kimoja, vyote viliongea. Tukavipeleka Kitangari vikasubiri onyesho."

"Vilisubiri wapi?"

"Stoo ya Mzee Bwanali. Mlango wa chuma, kufuli mbili, ufunguo anautembeza shingoni. Anaoga nao."

"Yassini aliingiaje?"

Erasto alilirukia jina lingine. "Ladislaus basi. Huyo ndiye aliyetuletea ving'amuzi vya kampuni ile. Vilipotufia alikaa kimya. Sebule ikifika kila nyumba, nani atakwenda kununua vipya kwake? Muulize huyo!"

"Nitamuuliza. Na wewe ukifuta mstari mmoja, nitajua."

*

Duka la Ladislaus Masasi lilikuwa na milango ya kioo na kiyoyozi kinachofanya kazi, na lilinukia plastiki mpya. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye shati la maua. Alimwona Agatha akaachia tabasamu.

"Karibu afande! Ninyi Wamakonde mmeteremka kutoka mawinguni, huko juu uwandani kusiko na maji, mmekuja kuchota?"

"Nimekuja kuchota maneno. Yassini alikuja hapa siku moja kabla ya onyesho. Alifuata nini?"

Tabasamu lilipungua. "Yuko wapi?"

"Mahabusu."

"Kwa ajili yangu?"

"Inategemea utasema nini."

Ladislaus alitoka nyuma ya kaunta, akamwonyesha TV kubwa iliyokuwa ukutani pembeni. "Ile pale ni yake. Yaani siiuzi. Karakana yao ina kijiTV kimoja tu, atajuaje Sebule itakaaje kwenye TV za watu wengine? Kwa hiyo anakuja, anachomeka, anajaribu, anaondoka. Siku ile alikuja na kadi mpya. Midomo na maneno vilikuwa vimekaa pamoja, afande! Nilimwita mke wangu aje aone. Tulipiga makofi humu ndani kama wendawazimu."

"Na wewe unamsaidia akuharibie biashara?"

"Biashara gani? Mimi ndiye niliyewauzia watu vile vitu. Niliamini kampuni, nikawaapia wateja kwamba itadumu. Kampuni imeondoka, mimi nimebaki Masasi na uso huuhuu. Watu wa Newala wakishuka sokoni wananipita kama nguzo ya umeme. Yule kijana ndiye peke yake aliyeingia hapa akanipa shikamoo."

"Mbona hukuja kituoni kusema?"

"Mimi? Nipande Newala? Wangenipiga kabla hujaniuliza jina."

Agatha aliamini hilo la mwisho bila shida. Aliweka king'amuzi bubu juu ya kaunta ya kioo. "Nikopeshe bisibisi."

Skrubu zilitoka. Alipoinua mfuniko, Ladislaus alirudi nyuma akapiga chafya, akapiga nyingine.

"Afande! Umeniletea salfa dukani?"

"Salfa ipi?"

"Hiyo! Husikii?"

Agatha hakusikia. Alikuwa anaishi katikati ya salfa. Ilikuwa kwenye nywele zake, kwenye sare, kwenye mto wake wa kulalia. Erasto vilevile hakusikia, wala uwanja mzima wa Kitangari. Ilihitajika pua ya duka lenye kiyoyozi.

Akainama. Akawasha tochi ya simu.

Ndani, pembezoni mwa bodi, ulikuwepo unga wa njano mwepesi kama poda ya mtoto. Tundu la kutolea picha lilikuwa linang'aa. Matundu mawili ya sauti, yale yanayopeleka waya kwenye spika, yalikuwa meusi. Si vumbi. Alijaribu kupangusa kwa ncha ya kitambaa, weusi ukabaki umeng'ang'ania chuma.

"Hili la picha limepakwa nini?"

"Dhahabu. Kidogo sana, hata kuiba haifai."

"Na haya ya sauti?"

"Haya kampuni ilibana matumizi. Wamepaka fedha."

Agatha alisimama wima. Akatazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha pete kilikuwa kitupu, na kilikuwa kitupu tangu mashine ya kwanza ya msimu iliponguruma. Pete yake ya fedha ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba, kama ilivyo mikufu na bangili za fedha za kila mwanamke wa uwandani mwezi huu. Msichana wa Newala haambiwi mara mbili: salfa ikitoka, fedha inavuliwa, maana itageuka nyeusi kama chungu. Ya dhahabu unavaa tu, haigeuki.

"Hakuna mtu aliyeviharibu," alisema taratibu. Halafu akapiga kaunta kwa kiganja mpaka vioo vikalia. "Hakuna mtu, Ladislaus! Vimevaa fedha msimu wa salfa!"

"Ati nini?"

"Nipe spiriti na pamba. Na ufutio wa penseli. Haraka, baba, kijana anafungwa kesho!"

*

Alimpigia Erasto simu akiwa njiani. Alipofika Kitangari alimkuta tayari uani kwa Mzee Bwanali, na nyuma yake nusu ya kijiji. Ulikuwepo hapo pia, nadhani. Habari ya polisi kurudi haikupiti.

Mzee Bwanali alikuwa ameketi kizingitini, ufunguo unaning'inia kifuani juu ya kanzu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umemfunga?"

"Bado. Nifungulie stoo."

Kufuli mbili zilifunguka, mlango wa chuma ukalia. Mifuko ya salfa ilikuwa imepangwa mpaka usawa wa kifua, miwili imetoboka, na juu yake ulitandikwa mkeka safi ambao bado ulikuwa na alama za ving'amuzi, vilivyokaa hapo kwa heshima zote. Joto la bati lilikuwa linachemsha hewa.

"Mzee, kwa nini viliwekwa humu?"

"Ulitaka niviweke wapi? Jikoni na kuku?" Watu walicheka, naye akapata nguvu. "Salfa ndiyo inayoibwa kuliko kitu chochote hapa. Kwa hiyo chumba cha salfa ndicho chenye kufuli. Kitu ukikithamini unakilaza na salfa. Cheti changu cha ndoa kimo humu! Kila nyumba yenye akili inafanya hivyo."

"Mama yupo?"

Mkewe alijitokeza dirishani.

"Mama, bangili zako za fedha ziko wapi?"

"Nimezivua, mwanangu. Si msimu huu."

"Na Mzee akikwambia uzilaze humu na salfa?"

"Nimpe talaka mimi!"

Kicheko kililipuka, kisha kikakatika vipande vipande, kwa kadiri kila mmoja alivyoanza kuelewa. Erasto alielewa wa kwanza. Hakusubiri kuambiwa. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akafungua king'amuzi, akachovya pamba kwenye spiriti. Alisugua kwa ufutio, akapangusa, akasugua tena. Weusi uliachia kidogo kidogo, na chuma cheupe kikatokea chini. Watu walimzonga mpaka Agatha akawasukuma kwa mgongo.

"Mpeni mwanga! Rudini nyuma, mmekuja kuona au kumlalia?"

Waya za TV na spika zikachomekwa. Kadi ya Yassini ikaingia. Kigoda, menyu, fainali. Picha ikaanza, wachezaji wakakimbia, na kwa muda kama wa kumeza mate palikuwa bubu vilevile. Erasto alisukuma waya kidogo kwa kidole.

"...GOOOLI! Mkunya funikeni nyuso! Kipa amekwenda kutafuta kuni, goli liko huku! Kitangari, Kitangari, leo hatulali!"

Ua mzima ulipasuka. Wanawake walipiga vigelegele kwa mpira uliochezwa mwaka jana. Mtu alimkumbatia Agatha, sare na pingu na vyote. Nasibu mwenyewe, aliyekuwa kwenye umati, aliruka akajitangazia tena goli juu ya sauti yake mwenyewe, watu wakawa na Nasibu wawili. Erasto alikuwa amekalia ndoo yake, anacheka na kulia, mikono yote miwili kichwani. "Nilimkaba," alikuwa anasema. "Mimi. Nilimkaba kola."

Mzee Bwanali hakupiga makofi. Aliushika ufunguo wake kifuani.

"Mwanangu," alimwambia Agatha, "nikikaa kimya inakuwaje?"

"Jalada linakwenda mahakamani. Nitapeleka ushahidi wangu, wataupangia siku ya kuusikiliza, na kijana atasubiri ndani. Malalamiko ni yako. Wa kuyaondoa ni wewe, kwa mdomo wako, mbele ya mkuu wa kituo."

"Niseme nini? Mwenyekiti aliviua mwenyewe kwa kuvitunza?"

"Sema hivyohivyo."

Alitazama watu. Watu wakatazama miguu yao. Mkewe akasema kutoka dirishani, bila kupandisha sauti: "Baba Safari, panda pikipiki."

Akapanda.

*

Kituoni Newala alisimama kaunta akayasema yote, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, huku Mama Yassini akisikiliza kutoka benchi la mlangoni alipokuwa ameshinda tangu jana. Mkuu wa kituo aliuliza maswali machache, akatikisa kichwa kama mtu ambaye ndani ya begi lake nyumbani pia mna pete iliyovuliwa. Yassini akatolewa.

Erasto alisimama mbele yake. "Ladislaus kaniambia kwa simu. Kuhusu ile TV."

"Utaninunia?"

"Nitakwenda naye kunywa soda. Wewe nitakuomba msamaha mpaka uchoke."

"Usianze sasa." Yassini hakugusa jicho lake, hakuuliza nani alimpiga, hakuuliza hata chakula. Aligeuka kwa Agatha. "Vile vingine viko wapi?"

"Vingine vipi?"

"Vya onyesho ni vichache, afande. Mamia tulishavigeuza tukawarudishia wenyewe, Kitangari, Mkunya, kote. Tukawaambia wavitunze vizuri mpaka onyesho lipite."

Hakuna aliyeuliza watu wa uwandani hutunza wapi kitu walichoambiwa wakitunze vizuri. Erasto alikuwa keshatoka nje mbio, anawasha pikipiki. Agatha alikuwa anavuta simu. Weusi ule ukikaa muda mrefu, Ladislaus alikuwa amewaambia, unatafuna mpaka ndani ya bodi, na hapo hakuna pamba wala spiriti.

Nyumba ni nyingi. Pikipiki ni mbili. Na kimoja kipo kwako, unakijua. Kimo chumba kile chenye kufuli, juu ya mifuko, kinanyonya salfa wakati wewe unasoma. Usisubiri Yassini afike mlangoni kwako na jicho lile ulilolikwepa. Funga kitabu. Chukua ufunguo. Kitoe sasa hivi, kipanguse, kilaze chumbani kwako unapolala, kisha ugonge kwa jirani naye akitoe chake. Huu ukurasa hauna miguu, hautakwenda popote. Inuka!